Kuchagua na Kufunga Jeti za Kabureta ya Pikipiki: Mwongozo kwa Waendeshaji wa Unguja na Pemba

Pikipiki inapotoka kiwandani, jeti zake, yaani vipande vya shaba vyenye tundu dogo vinavyopima mafuta ndani ya kabureta, zimepimwa kulingana na boksi lake la filta, ekzosi yake na hewa ya mahali inapotarajiwa kutumika. Kwa hiyo jeti hubadilishwa kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba hewa inayoingia kwenye injini, au moshi unaotoka, haupiti tena kama ulivyokuwa ukipita. Mwenye chombo ambacho hakikubadilishwa kitu, kilichokuwa kikienda vizuri mwaka jana na mwaka huu kikaanza kukohoa na kukwama, hahitaji seti ya jeti mpya. Anahitaji kusafisha jeti alizonazo, kutazama filta na plagi, na kuukagua mpira unaoiunganisha kabureta na injini, kwa sababu mpira huo hupasuka kwa jua na kuvuta hewa ya wizi. Nimeona watu wakinunua jeti tatu mfululizo kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa ni mpira.

Hapa visiwani sababu za kweli za mabadiliko hayo ni chache. Ya kwanza ni ekzosi ya wazi, ambayo vijana wengi hufunga kwa ajili ya mlio kuliko kwa ajili ya nguvu. Ya pili ni kuondolewa kwa boksi la filta na kufungwa filta ndogo ya mdomoni mwa kabureta, jambo ambalo mimi silipendekezi kwa yeyote anayepita njia za kifusi au anayekaa karibu na pwani, maana vumbi la mawe, mvua ya masika na upepo wa chumvi vyote huingia bila ya kizuizi. Ya tatu husahauliwa mno: pikipiki iliyotumika bara, kwenye miji ya milimani, na ikarekebishwa huko kabla ya kuvushwa. Hewa ya Nairobi, kwenye mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko hewa ya Malindi ya Unguja au Mkoani. Fundi wa huko akipunguza jeti amefanya jambo sahihi, lakini pikipiki ileile ikishushwa Unguja, ambako hakuna kilima kinachofika mita 200, hupata hewa nzito yenye oksijeni zaidi huku mafuta yakiwa yamebanwa. Matokeo yake ni mchanganyiko mwepesi, yaani mafuta machache kwa hewa iliyopo, na injini huchemka bila ya mwenyewe kujua sababu.

Mchanganyiko mwepesi ndio wa kuogopwa. Petroli huungua yote, bila kubakisha hewa wala mafuta, pale gramu moja ya petroli inapokutana na gramu 14.7 za hewa, na injini hutoa nguvu zaidi ikipewa mafuta zaidi kidogo kuliko hapo, karibu na 13 kwa moja. Ikizidi hewa, joto hupanda, eksileta ikiachiwa ghafla ekzosi hufyatua miripuko, na ukivuta mafuta kwa haraka injini husita kwanza kabla ya kuitikia. Hali ikiachwa hivyo safari baada ya safari, pistoni huweza kukwaruzika au kutoboka. Yakizidi mafuta, dalili ni moshi mweusi, plagi yenye masizi makavu kama ya chungu, harufu ya petroli na injini nzito isiyotaka kupanda. Hilo nalo ni hasara, na mafuta mengi husuuza oili kwenye kuta za silinda, lakini hukupa muda wa kulitengeneza.

Kila jeti na mahali pake

Makosa mengi hutokana na kudhani kwamba kabureta ina jeti moja inayofanya kazi zote. Eksileta ikiwa imefungwa au imefunguliwa kidogo sana, mpaka kama sehemu ya nane ya mzunguko wake, mafuta hutoka kwenye jeti ndogo, ile ya sailensa (yaani injini ikiunguruma taratibu eksileta ikiwa imeachiwa), pamoja na skrubu ya mchanganyiko iliyo ubavuni. Kutoka hapo mpaka robo, kinachotawala ni umbo la mkato ulio chini ya slaidi, yaani kizibo kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta. Kati ya robo na robo tatu, sindano inayoning'inia kwenye slaidi ndiyo inayoamua, kwa unene wake na kwa kimo chake. Jeti kubwa hutawala peke yake kuanzia robo tatu hadi mwisho. Mipaka hii huingiliana, lakini inatosha kukuonyesha kwamba anayelalamika kuwa pikipiki inakwama akiwa kwenye foleni ya Darajani hatapata nafuu kwa kubadilishiwa jeti kubwa, kwa kuwa pale haitumiki kabisa.

Ndiyo maana kabla ya kununua chochote ninashauri ubandike vipande vidogo vya utepe kwenye mkono wa eksileta: kimoja kwenye sehemu isiyozunguka, na vingine vinne kwenye mpira unaozunguka, kwenye robo, nusu, robo tatu na mwisho. Endesha kwa siku mbili tatu na utazame ugonjwa unatokea kwenye utepe gani. Kipimo hiki hakina gharama, na mimi hukiamini kuliko masikio ya fundi aliyeisikiliza pikipiki ikiwa imesimama.

Kuchagua seti

Madukani kwetu, ukiomba seti ya jeti, mara nyingi utapewa kitu kingine. Utapewa ripea kiti ya kabureta, yenye gasketi, vali ya boya linalozuia mafuta yasizidi ndani ya kabureta, sindano moja na jeti mbili za vipimo vya kawaida. Hiyo ni ya kutengeneza kabureta iliyochoka, si ya kubadilisha mchanganyiko, na sindano iliyomo wakati mwingine haifanani kwa unene na ya asili. Seti ya jeti ya kweli huwa na jeti kubwa kadhaa zinazopishana kidogokidogo, sindano yenye mifuo kadhaa ya kuhamishia klipu, klipu yenyewe, washa nyembamba za chuma za kuinua sindano kwa kiasi, na wakati mwingine springi ya slaidi. Kampuni kama Dynojet ya Marekani hutengeneza seti za namna hiyo kwa pikipiki kubwa za Kijapani, na huzigawa kwa madaraja kulingana na ulichokibadilisha: daraja la kwanza kwa mwenye boksi la filta la asili, na madaraja ya juu kwa aliyelibadilisha boksi hilo au kuliondoa zima. Kwa pikipiki ndogo za kazi, Boxer, TVS na za Kichina, huhitaji seti nzima. Jeti kubwa mbili au tatu zinazofuatana na jeti ndogo moja ya ziada zinatosha.

Kwanza soma jina la kabureta lililochongwa kwenye mwili wake, ama Mikuni, ama Keihin, ama jina jengine, kisha fungua jeti iliyomo na usome namba yake. Namba za kampuni mbili tofauti hazilinganishwi. Kwa jeti za Keihin namba hukaribiana na upana wa tundu kwa mia za milimita, hivyo 100 ni tundu la milimita moja hivi, ambapo jeti kubwa za Mikuni zenye kichwa cha pembe sita hupimwa kwa kiasi cha mafuta yanayopita. Dynojet nao wana hesabu yao wenyewe. Nyuzi pia hutofautiana, na jeti inayoingia kwa kulazimishwa ni jeti isiyo yake. Njia ya salama ni kuichukua jeti ya zamani mkononi unapokwenda dukani, Mwanakwerekwe au Chake Chake, uziweke mbili sambamba na uzitazame kuelekea kwenye mwanga. Tundu la jeti nzuri ni mviringo, kingo zake ni safi, na namba imegongwa ikasomeka. Jeti ya bandia huonekana mapema kwa kingo zenye vijinundu vya shaba.

Kwa ekzosi ya wazi peke yake, panda namba moja au mbili juu ya ile ya kiwandani. Kwa ekzosi pamoja na filta ya mdomoni, tarajia kupanda zaidi ya hapo, na ununue namba nne zinazofuatana ili usirudi dukani kila siku. Kwa pikipiki iliyoshushwa kutoka milimani, rudisha kwanza kipimo cha kiwandani, na hapo mara nyingi kazi imekwisha. Wasiwasi wa kwamba joto la kaskazi linadai jeti yake na baridi ya kusi nayo idai yake uache, kwani tofauti ya joto kwetu kati ya misimu hiyo ni ndogo mno kuihangaikia.

Lipo jambo moja ambalo nimelipata kwa uchungu. Miaka michache iliyopita nilimpelekea fundi mmoja pikipiki yangu ili anisafishie kabureta, nikamkuta amekaa juu ya kiti cha mbao, jeti kubwa yangu iko baina ya vidole vyake, na anaichokoa kwa unyuzi mmoja wa waya wa klachi, mbele na nyuma kama mtu anayepiga mswaki. Nilimwambia, "Ami, hiyo si utachimba tundu?" Akanijibu kwamba shaba haichimbiki. Tangu siku hiyo pikipiki ilitoa moshi mweusi kila nilipovuta mafuta hadi mwisho, na nilipoitazama jeti kwa kioo cha kukuzia nikaona tundu limekuwa yai. Tundu la milimita 1.00 likipanuliwa likawa 1.05, jicho halioni kitu, lakini eneo linalopitisha mafuta limeongezeka kwa zaidi ya asilimia 10, na likifika 1.10 ongezeko ni asilimia 21. Jeti iliyoziba hulowekwa kwenye dawa ya kusafishia kabureta, ikapulizwa kwa upepo wa kompresa. Isipozibuka hununuliwa mpya.

Kufungua na kufunga

Fanya kazi hii mahali penye upepo na injini ikiwa baridi. Usiifanye uwani ambako jiko la makaa linawaka, hata kama liko upande wa pili, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na husambaa chini chini bila ya kuonekana. Tandaza kitambaa cheupe, kwa sababu klipu ya sindano ni ndogo kuliko ukucha, na ikirukia mchangani utaitafuta mpaka magharibi.

Funga koki ya mafuta, weka chupa chini ya mrija wa bakuli la kabureta, na ufungue skrubu ya kumwagia. Yatazame mafuta yanayotoka. Ukiona matone yanayotuama chini ya petroli kama lulu, hayo ni maji, na huwapata zaidi wanaonunua mafuta ya chupa za barabarani, hasa baada ya mvua. Ukiona unga mweupe ndani ya bakuli, hiyo ni kutu ya madini ya kabureta inayoletwa na maji na chumvi, na hupaswi kuendelea na jeti mpya kabla ya kuisafisha yote. Legeza klipu mbili za mpira, ile ya injini na ile ya filta, kisha itoe kabureta kwa kuizungusha polepole.

Skrubu za kabureta za Kijapani huonekana kama za nyota za kawaida, lakini hufuata kipimo cha JIS, yaani viwango vya viwanda vya Japani, na bisibisi isiyo yake huteleza na kuzila. Kama huna bisibisi ya JIS, chagua yenye ncha butu inayojaa vizuri, uibonyeze kwa nguvu kabla ya kuizungusha. Bakuli likishatoka, jeti kubwa utaiona katikati, kwenye ncha ya mrija, na jeti ndogo iko pembeni, imezama ndani ya tundu lake. Shikilia mrija kwa spana ndogo unapoifungua jeti kubwa, ili usiufungue wote. Tia jeti mpya kwa mkono kwanza, mpaka nyuzi zikamate zenyewe, halafu kaza kwa nguvu ya vidole viwili tu. Shaba ni laini, na jeti iliyokatikia ndani ni msiba.

Sindano huja baadaye. Kwenye kabureta ya slaidi ya kawaida, ambayo waya wa eksileta unaivuta slaidi moja kwa moja, fungua kifuniko cha juu, vuta slaidi, toa waya na utaona sindano na klipu yake. Klipu ikihamishwa mfuo mmoja kwenda chini, sindano huinuka na mafuta huongezeka, na ikihamishwa kwenda juu, mafuta hupungua. Wengi hulikosea hili kwa sababu wanaifikiria klipu badala ya sindano. Andika klipu ilikuwa kwenye mfuo wa ngapi kabla ya kuigusa. Unaporudisha slaidi, mkato wake lazima uelekee upande wa filta na ule mfereji wa ubavuni ukae juu ya pini yake, kwani ikirudishwa kinyume haitafunga hadi chini, na injini ikiwashwa itapiga kelele kwa kasi ya mwisho.

Kabureta za diaframu, zinazopatikana kwenye pikipiki kubwa na hata kwenye baadhi ya ndogo, zinataka mkono wa pole zaidi. Slaidi yake haivutwi na waya, bali huinuliwa na mvuto wa hewa ulio juu ya ngozi nyembamba ya mpira. Ngozi hiyo isiguswe na dawa ya kusafishia kabureta, maana huvimba na haikai tena kwenye mfuo wake. Itazame kuelekea jua. Tundu la ukubwa wa sindano ya cherehani linatosha kuifanya pikipiki isipande kasi. Sindano za kiwandani kwenye kabureta hizi mara nyingi hazina mifuo ya kuhamishia klipu, na hapo ndipo sindano ya kwenye seti inapokuwa na thamani. Baadhi ya seti huja na kekee ya kupanulia tundu la chini ya slaidi ili ipande haraka. Sikushauri uitumie kwa chombo cha kazi za kila siku, kwa kuwa tundu likishapanuliwa halirudi, na slaidi mpya hapa kwetu ni ya kuagizwa.

Kabla ya kurudisha bakuli, pindua kabureta na utazame kimo cha boya. Boya likikaa juu au chini kuliko lilivyopimwa, mafuta hubadilika kwa kila hatua ya eksileta, na utabadilisha jeti usiku kucha bila ya kupata jibu. Kisha rudisha kila kitu, hakikisha mipira miwili imekaa sawasawa, na ukiwa hujawasha bado, geuza usukani kulia na kushoto huku ukivuta na kuachia eksileta. Lazima irudi yenyewe kwa mlio wa kugonga kila upande.

Kupima

Injini ikishapata moto na kusimama vizuri kwenye sailensa, anza na jeti kubwa, ufuate sindano, umalizie na jeti ndogo na skrubu. Badilisha kitu kimoja tu kwa kila safari na ukiandike. Jaribio la eksileta ya mwisho halihitaji mwendo wa kutisha: tumia gia ya pili au ya tatu kwenye mlima. Wapemba wana bahati hapa, kwa kuwa barabara ya Chake Chake kwenda Wete inapanda na kushuka, nasi wa Unguja tunalazimika kutafuta kipande kitupu asubuhi na mapema. Vuta hadi mwisho, kisha rudisha kidogo sana. Injini ikivuta vizuri zaidi uliporudisha, jeti kubwa ni ndogo. Ikiwa nzito, yenye mngurumo wa kubembea na moshi mweusi, jeti ni kubwa, shuka namba moja.

Ukitaka ushahidi wa plagi, tia plagi mpya, panda mlima kwa eksileta kamili, kisha bana klachi na uzime injini papo hapo kwa swichi bila ya kuiacha irudi sailensa, usogee pembeni. Kauri iliyo ndani ikiwa na rangi ya chai ya maziwa iliyofifia, uko karibu. Ikiwa nyeupe kama mfupa, ongeza jeti kabla ya safari nyengine yoyote. Petroli isiyo na risasi haiachi rangi nyingi, kwa hiyo usitegemee plagi peke yake, na plagi iliyokwisha kutumika mwezi mzima haisemi chochote kuhusu dakika moja iliyopita.

Kwa sindano, endesha kwenye nusu ya utepe kwa mwendo wa kawaida na uvute kidogo. Ikisita, inua sindano mfuo mmoja, na ikiwa nzito, ishushe.

Kwenye skrubu ya ubavuni uwe mwangalifu. Ikiwa iko upande wa filta, ni skrubu ya hewa, na kuikaza huongeza mafuta. Ikiwa upande wa injini, ni ya mafuta, na kuilegeza ndiko kunakoongeza. Ikaze polepole mpaka iguse, usiilazimishe, halafu uilegeze mzunguko mmoja na nusu. Injini ikiwa na moto, izungushe robo kwa robo mpaka mzunguko wa sailensa upande hadi juu kabisa, kisha ushushe kwa skrubu ya sailensa na urudie mara moja. Ukiona skrubu ya mafuta inadai kulegezwa zaidi ya mizunguko mitatu, au ya hewa inadai kukazwa mpaka ibakie chini ya mzunguko mmoja, jeti ndogo haitoshi, panda namba moja.

Mzunguko wa sailensa ukikaa juu kwa sekunde kadhaa baada ya kuachia eksileta ndipo ushuke, usikimbilie jeti. Paka maji ya sabuni kwenye mpira wa kabureta, na mlio ukibadilika pale pale, hewa ya wizi umeipata.

Baada ya siku ya kwanza ya kazi, tazama chini ya bakuli kama kuna unyevu wa petroli na ukaze klipu za mpira tena, kwa kuwa mpira uliokwisha kupata moto hulegea kidogo. Jeti za zamani zitie kwenye kichupa cha dawa pamoja na karatasi yenye namba zake, mfuo wa klipu na idadi ya mizunguko ya skrubu, na ukiweke chini ya kiti pamoja na plagi ya akiba. Atakayeinunua pikipiki hiyo na kurudisha ekzosi ya asili atakihitaji siku hiyo hiyo.